Kifuko cha Bafta Katika Supu ya Mama Sachi

Nyinyi mliobaki jikoni mmeniomba niwaandikie jinsi ya kupika supu ya Mama Sachi, kabla vidole vyangu havijagoma kushika hata kalamu. Nitaandika. Lakini siwezi kuieleza supu hiyo sawasawa bila kueleza nilivyoiharibu kwa mwaka mmoja na nusu, huku watu wakiisifu. Vipimo vyote vimo humu. Mkiruka kurasa kuvitafuta mtavikuta, ila mtakuwa mmejifunza kupika tu.

Nilizaliwa Ujiji, Kigoma. Nilichoma nyama kwa miaka ishirini na miwili, kumi na minne kati yake hapa Johannesburg, katika majiko ambayo moshi wake uliingia mpaka kwenye vitabu vyangu. Mwanzoni mwa 2015 jiko la mwisho lilifungwa, nami nikawa natembea kutoka Doornfontein ninakoishi hadi Braamfontein, nikisoma matangazo madirishani. Moja lilikuwa limeandikwa kwa mkono, herufi zimesimama kama askari: anatakiwa mpishi, awe na subira. Halikusema chochote kuhusu mboga. Niliingia nikiwa na kisu changu ndani ya gazeti.

Mwenye mgahawa alikuwa mama wa Kijapani, mfupi, wa miaka sitini na kitu, aliyekuja nchi hii na mume mhandisi wa migodi na kubaki baada ya mume kufariki. Jina lake Sachiko. Sisi tulimwita Mama Sachi, naye aliniita Hamisi-san tangu dakika ya kwanza. Alikifungua kisu changu kwenye gazeti, akakisogeza puani, akakirudisha.

"Hiki kimekata ng'ombe wangapi?"

"Sijahesabu, Mama."

"Kitakaa nje."

Kisu kikakaa nje, kwenye mita ya umeme, miaka minne na miezi kadhaa. Bado kipo hapo. Anayekitaka akichukue, ila asikiingize ndani.

Wiki mbili za kwanza nilimenya figili. Si figili zile ndogo nyekundu, bali nyeupe, ndefu kama mkono wa mtu mzima, na kazi yenyewe ilikuwa kuikata pande la urefu wa kiganja, kisha kulizungusha kwenye makali ya kisu mpaka litoke karatasi moja ndefu isiyokatika, nyembamba kiasi kwamba ukiiweka juu ya gazeti unasoma habari. Yangu ya kwanza ilikuwa nene kiasi cha kusimamishia mlango. Mama Sachi hakugomba. Aliichukua, akaitazama, akaniletea figili nyingine. Vipande vilivyoharibika nilipewa nipeleke nyumbani, na kwa wiki mbili ghorofa yetu nzima Doornfontein ilikula figili kwa namna zote, mpaka jirani mmoja akaniuliza kwa heshima kama nimepata ugonjwa.

Alinifundisha mambo mengi, nami niliandika kila kitu katika daftari, kwa sababu sikusoma zaidi ya darasa la saba na nimezoea kujisomesha mwenyewe. Upishi wake ulitoka kwenye mahekalu ya kwao, ambako watawa hawali chochote kilichokimbia, kilichoogelea wala kilichoruka. Kila mlo uwe na rangi tano. Biringanya lichomwe mpaka ngozi ijikunje, kisha liachwe lipumue. Ufuta ukaangwe polepole na usagwe ndani ya bakuli la udongo lenye mistari ndani, kwa mchi wa mti, nawe ukae chini wakati wa kusaga, kwani aliyesimama huharakisha. Tofu, ile jibini ya soya, ikandamizwe kwa jiwe na si kwa mkono, maana mkono una hasira.

Na supu, ambayo ndiyo mama wa vyote. Kwa lita kumi za maji baridi: mabapa manane ya mwani mkavu, kila moja ukubwa wa daftari la shule, na vikombe vitatu vya uyoga mkavu. Usiku wote vilale ndani ya maji. Asubuhi washa moto mdogo. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni, toa mwani, kwa sababu ukichemka utatoa ute na uchungu. Uyoga uliolowa utie ndani ya kifuko cha bafta, ukifunge kwa uzi, kiendelee kuchemka polepole nusu saa. Kamua. Zima moto. Sasa ndipo unapokoroga miso, ile soya iliyochachushwa, vikombe vitatu, na kamwe usiirudishe motoni.

Siku aliponifundisha haya alisema jambo moja nililoliandika ukingoni mwa ukurasa. Kwao, nyumbani kwa watu wa kawaida, supu hii hutiwa pia samaki mkavu, aliyekauka mpaka akawa mgumu kama mbao, akaparuzwa vipande vyepesi kama maranda. "Mama yangu alitia," alisema. "Mimi niliacha nikiwa na miaka ishirini na tano. Hapa hatutii."

Ukingoni niliandika: *kama dagaa*. Mnaona ubaya ulivyoanza kwa kalamu.

Wateja tulikuwa nao wa kila aina. Walikuwapo wasiokula nyama lakini wanakula mayai na maziwa, na vegani, ambao hawagusi chochote kinachotoka kwa mnyama, hata asali. Kuna bwana mmoja mnene, mlinzi wa jengo la pili, aliyekula mpaka wali wa mwisho, mboga rangi zote tano, tofu ya kukaanga, akajifuta mdomo na kusema, "Sharp, mzee. Sasa leteni kuku." Nilimweleza kwamba hatuna kuku. Akanitazama kwa huruma. "Eish. Nyama nimeelewa hamna. Mimi naulizia kuku."

Nilicheka wakati ule. Sikujua kwamba mimi mwenyewe ningefanya hesabu ileile.

Msaidizi wetu jikoni alikuwa Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu. Mnamjua. Wakati ule alikuwa anaosha vyombo na kukata mboga, na akikata huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kwanza, kisha anajijibu kwa sauti ya pili. Kwa kuwa mimi ni wa Kigoma na yeye wa Uvira, tulikuwa watu wa maji mamoja, tukikubaliana juu ya jambo moja tu duniani: hakuna kitu kitamu kama dagaa wa Tanganyika. Yeye huwaita ndagala, nami nilimwachia.

Mwanzoni mwa 2016 Mama Sachi alipokea simu kwamba mama yake anaumwa. Akafunga sanduku moja, akaniachia funguo na daftari lake la vipimo, akaenda kwao kumuuguza. Alikaa miezi mitano. Mwezi wa pili wa safari yake uyoga mkavu uliadimika. Mzigo ulikwama bandarini Durban, na ule tuliopata hapa ulikuwa na harufu ya ghala. Supu ikapwaya. Nilionja, nikampa Mama Furaha aonje.

"Kaka Hamisi, hii supu iko kama maji ya kunawia mikono."

"Uyoga ni mbaya."

"Batu wataanza kukimbia. Nikuletee kitu?"

Kesho yake alileta mfuko. Dagaa waliokatwa vichwa, wakatolewa matumbo, wakakaangwa kavu na tangawizi mpaka shombo yote ikaisha, kisha wakatwangwa wakawa unga wa rangi ya kahawa. Ukiunusa ulinuka moshi, si samaki. Alipima vikombe viwili, akavitia kwenye kifuko cha bafta pamoja na uyoga, akafunga uzi kwa meno.

Nataka niwe sahihi hapa. Sikudanganywa wala sikusahau. Nilijua dagaa ni samaki. Lakini kule kwetu mtu akiulizwa amekula nini, anajibu, "Aa, leo hatukuwa na kitu, tumekula dagaa tu." Ukimkuta na nyama, amekula nyama, ukimkuta na sangara, amekula samaki, ukimkuta na dagaa, hana kitu. Nami niliisimamisha hoja hiyo kichwani kama wakili. Unga si samaki, ni kiungo. Kiungo hakiliwi, kinakamuliwa. Kifuko kinatolewa. Kwa hiyo kwenye bakuli la mteja hamna kitu. Mlinzi wa jengo la pili angenielewa.

Supu ikasimama. Watu wakaanza kuomba bakuli la pili. Mmoja akauliza hiyo harufu nzuri ya moshi inatoka wapi, nikasema, "Uyoga." Neno hilo nimelisema mlangoni kwetu mara nyingi kuliko salamu.

Nilikusudia kuacha Mama Sachi akirudi. Alirudi mwezi wa saba, amekonda, amemzika mama yake. Siku ya kwanza alikaa kwenye meza ya dirishani kama mteja, nikampelekea supu. Alimeza kijiko kimoja. Akaweka kijiko chini, akainuka, akaenda uani akakaa huko muda mrefu. Mama Furaha alinitazama, akafunga vitambaa vyake kwenye mkoba, tayari kuondoka nchini.

Mama Sachi aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akamaliza bakuli lote. Akasema, "Hamisi-san, usibadilishe chochote."

Hapo nikanaswa. Mtu akikuamuru kuendelea na kosa, nawe ni mwoga, unaliita utii.

Katika miezi hiyohiyo ndipo alipoanza kuja Mwalimu Mutiso. Ni Mkenya, Mkamba, mhadhiri wa takwimu pale chuo kikuu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea darasa la watu mia tatu. Alikuwa vegani wa miaka minne. Kila Jumatatu hadi Ijumaa, saa sita na dakika kumi, alikaa meza ya pili, akala supu bakuli mbili, wali na mboga. Tulizoeana kwa sababu ya daftari langu. Nilikuwa nimeanza kusoma habari za lishe katika vitabu vikuukuu, na kila nikisoma jambo nilimpima nalo.

Mambo niliyosoma ni ya kweli, yashikeni: maharage na nafaka vikiliwa pamoja hujaziana protini. Madini ya chuma yaliyo kwenye mboga huingia vizuri mwilini ukikamulia limau, na chai ya moto juu ya chakula huyafukuza, kwa hiyo msimpe mteja chai kabla hajamaliza. Na kuna vitamini moja, B12, ambayo haimo katika mboga. Asiyekula chochote cha mnyama lazima ameze kidonge au ale chakula kilichoongezewa. Mwili una akiba yake kwenye ini, unaweza kukaa miaka bila kulalamika, kisha siku moja vidole vinaanza kufa ganzi. Kwa mtoto aliye tumboni hali ni mbaya zaidi, kwani yeye hana akiba ila anayopewa.

"Mwalimu, wewe unameza?" nilimuuliza.

"Wacha, Mzee Hamisi. Hiyo ni biashara ya watu wa madawa. Ng'ombe anameza tembe?"

"Ng'ombe ana matumbo manne, Mwalimu."

"Na mimi niko na supu yako."

Wenzangu, nilisema nini? Nilisema, "Karibu bakuli la pili."

Mwishoni mwa 2017 mkewe, Ndinda, akawa na mimba ya miezi minne. Alikuwa mwanamke mtulivu, mhasibu, asiyesema neno mpaka alipime, na baada ya ndoa aliamua kula kama mumewe. Kliniki walimwambia ameze B12 kila siku, naye alimeza. Mwalimu hakupenda. Wakabishana mpaka Ndinda akamwambia, kwa maneno aliyonisimulia Mwalimu mwenyewe huku akicheka, "Wewe ni mtu wa takwimu. Siku utaniletea ushahidi, nitaacha."

Akaenda kupimwa damu. Alhamisi moja akaingia jikoni kwangu, jambo ambalo mteja hafanyi, akipeperusha karatasi.

"Mzee Hamisi! Soma hapa. B12. Soma!"

Nikasoma. Ilikuwa sawasawa kabisa, ya mtu anayekula vizuri.

"Miaka sita karibu, sijameza tembe hata moja! Unajua ni nini? Ni huo mwani wako. Mimi sili kitu kingine tofauti na vegani wenzangu, na wao wanapimwa wako chini. Tofauti ni hii supu. Jumamosi tuna mkutano wa vegani hapa kwa Mama Sachi, watu thelathini. Nitawaonyesha karatasi. Na Ndinda atazitupa zake mbele ya watu wote, amekubali. Ushahidi ndio huu, bana!"

Nilimwambia nimesoma kwamba B12 ya mwani si ile inayofaa mwilini. Akanipigapiga begani. "Vitabu vinasema. Damu yangu imesema."

Damu yake ilikuwa imesema dagaa. Au pengine ilikuwa akiba ya zamani ya ini lake. Mimi si daktari, na mpaka leo sijui. Lakini nilijua kitu kimoja kilichokuwa ndani ya supu ile ambacho hakikuwa kwenye karatasi yake. Na Jumamosi mama mjamzito angetupa vidonge vyake kwa sababu ya kifuko changu.

Usiku ule niliamua njia ya ujanja: niondoe dagaa kimyakimya, halafu nimwambie apimwe tena baadaye. Nilipoandika hesabu nikaona ujinga wake. Akiba ikiisha polepole, yeye angepimwa tena na kukuta bado yuko sawa, na mtoto angekuwa amezaliwa.

Ijumaa saa mbili asubuhi Mama Furaha alikuwa anatwanga. Nilimwambia aache.

"Kwa nini? Leo Ijumaa, batu ni wengi."

"Tumewalisha watu wasichokubali."

"Kaka, ni kidogo tu. Haionekane."

"Kidogo ni kidogo."

Akacheka, akaendelea kutwanga. "Weye unajifanya sheikh leo. Sasa mimi ningekutilia mafuta ya nguruwe kidogo kwenye maharage yako, kijiko kimoja, kwenye kifuko, nikatoa kifuko, ungejua?"

Alisema kwa utani tu, kisha akaanza kuimba. Lakini katika majiko yote niliyofanya kazi, swali langu la kwanza siku ya kwanza lilikuwa lilelile: hii sufuria imegusa nguruwe? Na kila mpishi aliyenijibu, Mkristo, Mzulu, Mreno, asiye na dini yoyote, nilimwamini, nikala. Miaka ishirini na miwili niliishi kwa uaminifu wa watu waliokuwa na uwezo wa kunidanganya na hawakufanya hivyo. Hata kifuko hawakuhitaji.

Nilikichukua kifuko, kikiwa kikavu bado, nikaenda kwenye meza ya dirishani alikokuwa Mama Sachi akipanga vijiti. Nikakifungua mbele yake.

"Mama, hiki ni samaki. Nimekitia kwenye supu tangu ulipokuwa kwa mama yako."

Alichota unga kwa ncha ya kidole, akaunusa. Hakuutia mdomoni.

"Siku niliyorudi," alisema, "nilionja jikoni kwa mama yangu. Nilidhani ni huzuni. Nilidhani nimemkumbuka mpaka ulimi unanidanganya. Kila siku tangu siku ile nimekula bakuli moja ili nikae naye kidogo." Akakifunga kifuko kwa uzi, polepole. "Kumbe ni wewe."

"Miaka arobaini, Hamisi-san, sikuonja. Umeniharibia miaka arobaini." Kisha, akinisogezea kifuko: "Na ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniudhi. Mwalimu anakuja saa sita. Utamwambia wewe, si mimi. Na kesho mkutano hauvunjwi. Utasimama mlangoni, kila atakayekuja umwambie kabla hajaingia. Baada ya hapo, mwezi mzima, kila mteja wetu, mmoja mmoja. Hutabandika karatasi. Utasema kwa mdomo."

Mama Furaha, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni, alisema kwa sauti ndogo, "Na mimi, Mama?"

"Wewe utasimama pembeni yake."

Saa sita na dakika kumi Mwalimu aliingia na Ndinda. Sikuleta supu. Nilileta kifuko kwenye sahani.

"Hii ni nini?"

"Dagaa, Mwalimu. Ndio waliokuwa kwenye supu."

Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Halafu, kama mtu wa fani yake, akataka hesabu. "Tangu lini? Kila siku? Vikombe vingapi? Kwa lita ngapi?" Nilijibu kila swali, kwa sababu nilikuwa nimeandika yote kwenye daftari. Alichukua kalamu, akafanya hesabu nyuma ya karatasi yake ya damu, akafika kwenye jumla ya bakuli alizokula, akaipigia mstari chini mara mbili.

"Nilikuamini, Mzee."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia leo na si Jumatatu."

Ndinda alimtazama mumewe, akaitazama ile jumla yenye mistari miwili. Akaniuliza swali moja tu.

"Kwa hivyo tembe zangu?"

"Endelea nazo, dada. Kila siku. Naye aanze."

Akafungua mkoba, akatoa kidonge kimoja, akakimeza kwa maji. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Mutiso," alisema, akishindwa kumaliza, "umenikataza mayai. Umekataza mama yangu kuniletea maziwa. Na wewe umekaa hapa mwaka mzima na nusu ukila omena! Bakuli mbili!"

Omena ni dagaa kwao. Mwalimu aliinuka akatoka bila koti lake. Ndinda alilichukua, akanipa mkono, akamfuata akiwa bado anacheka.

Jumamosi nilisimama mlangoni. Sitawaficha. Kijana mmoja alienda mpaka kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, akatema, ingawa siku ile hakuwa amekula kitu. Wengine walinitukana kwa lugha tatu. Mmoja alisema yeye alijua siku zote, nami sikumwamini. Na alikuwapo mzee wa Kihindu, mteja wa Jumamosi, ambaye tangu kuzaliwa hakuwa ameonja chenye damu, wala baba yake, wala babu yake. Nilipomaliza kusema alikaa kwenye ngazi, akavua kofia. Mama Furaha alimletea maji, akayakataa, kisha akayapokea.

"Nina miaka sabini na minne," aliniambia. "Hukuniuliza. Ni hilo tu. Ungeniuliza."

Akaondoka, hakurudi. Katika mambo haya yote nayacheka mengi, lakini huyo simcheki.

Mwezi mzima nikawaambia waliobaki, na wapya, na hata mlinzi wa jengo la pili, ambaye alisikiliza mpaka mwisho na kuuliza kwa hamu kama dagaa wenyewe bado wapo. Tulipoteza labda mteja mmoja kati ya wanne. Supu ikarudi kuwa ya mwani na uyoga, na Mama Sachi akaacha kukaa kwenye meza ya dirishani saa ya chakula. Mimi nilijua kwa nini.

Mwaka 2018, miezi mingi baada ya haya, Mwalimu Mutiso aliingia saa sita na dakika kumi kana kwamba alikuwa ameondoka jana. Alikuwa amembeba mtoto wa kike kifuani, mnene, mwenye macho makubwa ya kukagua. Ndinda nyuma yake. Akakaa meza ya pili, akatoa kichupa cha vidonge mfukoni, akakiweka mezani kwa kishindo.

"Supu. Lakini leta kifuko kwanza."

Nikakileta. Akakifungua, akapekua uyoga kwa uma, kipande kwa kipande, akakifunga. "Sawa. Mimina." Tangu siku ile, kila siku aliyokuja, hakuna supu iliyomiminwa kabla hajakagua, na wateja wengine nao wakaanza kudai. Hii ndiyo asili ya ule utaratibu mliourithi, wa kupitisha kifuko kwenye meza zote kabla ya kumimina. Wageni wanadhani ni desturi ya Kijapani. Msiwasahihishe kwa haraka, lakini wakiuliza, waambieni ukweli, kwa mdomo.

Siku yangu ya mwisho kazini, mwaka huu wa 2019, nilishindwa hata kufunga uzi; vidole vimekwisha kwa baridi yabisi. Mama Furaha akanifungia, kwa meno, kama zamani. Tukakipeleka meza ya pili. Mtoto, ambaye sasa anatembea, aliingiza mkono mzima ndani ya kifuko, akatoa kipande cha uyoga, akakinusa kwa uangalifu kuliko baba yake, akakirudisha. Ukaguzi ukapita.

Mwalimu akala bakuli la kwanza, akala la pili. Akafuta mdomo. Ndinda alikuwa amegeuka kumvalisha mtoto koti, Mwalimu akaniita kwa kidole niiname karibu.

"Mzee Hamisi," alinong'ona, "na tuseme ukweli, kwa sababu unaenda. Ile ya zamani ilikuwa tamu zaidi."

"Nimesikia," alisema Ndinda, bila kugeuka.